Si kila nobu ya shokapu inarekebisha kitu

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu kununua baiskeli za mlimani iliwashauri wasomaji wachague zenye "shokapu za kurekebisha". Ushauri si mbaya, ila umeishia njiani. Baiskeli nyingi zilizopangwa nje ya maduka yetu zina nobu (kitufe cha kuzungusha kwa mkono) juu ya shokapu ya mbele, na nobu hiyo haifanyi kile ambacho mnunuzi anadhani amekilipia. Tofauti iko ndani, mahali asipofika mtu wa dukani. Anayetaka kuielewa hana budi kuanzia kwenye kampuni moja ndogo ya Marekani, RockShox, kwa sababu matatizo waliyohangaika nayo wakati ule ndiyo yanayomkuta leo mtu anayenunua baiskeli ya mtumba.

RockShox ilianzishwa mwaka 1989 na Paul Turner pamoja na Steve Simons. Wote wawili walitokea kwenye pikipiki za mashindano ya vumbi: Turner alikuwa fundi wa pikipiki za Honda, Simons alishatengeneza shokapu za pikipiki. Kwa hiyo jambo moja walilijua kabla hawajagusa baiskeli: springi peke yake haitoshi. Springi ikibonyea inaweka nguvu, na nguvu ile isipopewa pa kwenda inamrudia mwendeshaji mikononi. Kwenye pikipiki jibu lilikuwepo tayari, yaani pistoni yenye matundu madogo inayopita ndani ya mafuta, nguvu ikaishia kuwa joto. Hiyo ndiyo dampa.

Ugumu ulikuwa kwamba baiskeli haina injini. Injini yake ni miguu ya mtu, na kila pedeli inapokanyagwa mwili unashuka kidogo na shokapu inabonyea. Mtu anapanda kilima huku nusu ya jasho lake inaishia kwenye kubonyeza springi. Turner alilitatua kwa valvu iliyofungwa na springi ndogo ndani ya njia ya mafuta. Msukumo wa polepole wa mwili hauwezi kuifungua, hivyo shokapu inabaki ngumu. Jiwe likigonga tairi, presha ya mafuta inaruka ghafla, valvu inafunguka na shokapu inameza pigo. Ukibadilisha nguvu ya ile springi ndogo, unabadilisha ni pigo kubwa kiasi gani ndilo litakaloifungua. Tukisema shokapu ya kurekebisha, kiini chake ni hicho. Mengine yamejengwa juu yake.

Uamuzi wa pili ulikuwa kutumia hewa badala ya chuma. Springi ya chuma inaongeza uzito, na ina ugumu mmoja tu: ikimfaa mtu wa kilo 60 haimfai wa kilo 90. Hewa haina uzito wa kuhesabika, na inarekebishwa kwa pampu. Tena ina tabia nyingine inayosaidia, kwamba nafasi yake ikipungua kwa nusu presha yake inakuwa mara mbili, kwa hiyo kadiri shokapu inavyokaribia mwisho ndivyo inavyozidi kukataa kubonyea. Shokapu yao ya kwanza, RS-1, ilikuwa na mwendo (umbali inaoweza kubonyea) wa takriban milimita 48 tu, kidogo sana kwa macho ya leo, na mabomba yake ya juu yalikuwa na kipenyo cha milimita 25.4. Mwaka 1990, Greg Herbold aliitumia kushinda mbio za kuteremka katika mashindano ya dunia huko Durango, Colorado. Baada ya hapo mjadala wa kama baiskeli inahitaji shokapu ulipungua sana.

Lakini RS-1, na hata zile za Mag zilizoifuata (jina linatokana na magnesiamu ya miguu ya chini, yaani sehemu ya nje ambamo mabomba ya juu yanaingia), zilikuwa na kasoro ya msingi: hewa na mafuta vilikaa chumba kimoja. Kwenye mteremko mrefu vinachanganyika, mafuta yanakuwa povu, na povu linapita kwenye tundu kirahisi mno. Dampa inapotea mwendeshaji akiwa bado katikati ya mteremko. Mag 21 ya mwaka 1993 ilikuwa na nobu juu ya mguu ya kurekebisha mafuta bila kufungua kitu, na ilifanya kazi vizuri mafuta yakiwa bado hayajageuka povu.

Ndipo ikaja Judy, mwaka 1995. Dampa ikatiwa ndani ya katriji (kopo dogo) yake iliyofungwa, mbali na springi. Wazo lilikuwa sahihi, na shokapu nzuri karibu zote tangu hapo zinatenganisha springi na mafuta, moja mguu huu na jingine mguu ule. Utekelezaji, kwa maoni yetu, ulikuwa nusu. Katriji zilivuja mafuta, na mahali pa hewa palichukuliwa na springi ya chuma iliyounganishwa na vipande vya mpira mgumu. Mpira ule ukipata baridi unakakamaa, ukizeeka unabomoka kama sabuni iliyosahauliwa juani, na kumfaa mwendeshaji mzito kulimaanisha kufungua shokapu na kubadilisha vipande. Kampuni iliyotufundisha kurekebisha kwa pampu ikaturudisha kwenye spana. SID ya mwaka 1998 ilirudi kwenye hewa, safari hii katriji ikiwa imebaki.

Yaliyofuata tuyapite upesi. Kampuni iliuza hisa mwaka 1996, ikanunuliwa na SRAM, kampuni ya vipuri vya baiskeli, mwaka 2002. Shokapu yao ya Psylo ilileta nobu ya U-Turn iliyobadilisha mwendo kati ya milimita 80 na 125 kwa kuzungusha, na mwaka 2005 mfumo wa Motion Control ukamrudishia mwendeshaji mamlaka juu ya ile valvu: ifunguke kwa pigo dogo, kubwa, au karibu isifunguke kabisa.

Sasa turudi dukani kwetu. Nobu yenye alama za + na − juu ya shokapu ya bei nafuu inakaza springi tu. Chukua springi inayodai kilo 0.8 ili ibonyee milimita 1. Ukiikaza milimita 5, umeongeza kilo 4 za kuanzia. Ikishaanza kubonyea, kila milimita bado inadai kilo 0.8 ile ile. Springi haijawa ngumu, imechelewa kuanza. Mtu mzito anakaza hadi mwisho, anaona baiskeli imenyanyuka kidogo, anaridhika, kisha kwenye shimo la kwanza shokapu inagonga mwisho kama jana. Nyingi ya hizo hazina dampa kabisa, ni springi na grisi ndani ya bomba.

Kuitambua hakuhitaji kifaa. Simama juu ya baiskeli, shika breki ya mbele, bonyeza usukani kwa uzito wote kisha achia ghafla. Shokapu yenye dampa inarudi kwa utulivu na kusimama. Isiyo nayo inaruka na kugonga juu, wakati mwingine gurudumu linanyanyuka. Tafuta pia nobu chini ya mguu wa kulia, mara nyingi nyekundu: hiyo ni ya kasi ya kurudi. Izungushe mwisho mmoja, bonyeza. Izungushe mwisho wa pili, bonyeza tena. Usipoona tofauti, dampa imekufa au mafuta yameisha. Kisha pitisha ukucha kwenye mabomba ya juu. Mkwaruzo unaonasa ukucha utakula sili (mpira unaozuia mafuta yasitoke) mpya ndani ya muda mfupi. Mwisho shika breki na kutikisa baiskeli mbele na nyuma huku kidole kikiwa kwenye maungio ya bomba na mguu wa chini. Mchezo (ulegevu) ukisikika hapo, bushi, yaani pete za ndani zinazoshika bomba, zimekwisha, na bushi za baadhi ya shokapu hazibadilishwi bila vifaa maalumu. Ukisikika juu, kwenye shingo ya usukani, hilo ni suala la beringi tu na ni rahisi.

Aliyepata shokapu nzuri ya hewa airekebishe kwa kufuata mpangilio, si kwa kubahatisha. Anza na hewa. Tumia pampu ya shokapu yenye kipimo, maana pampu ya tairi inaongeza hewa nyingi kwa mpigo mmoja kuliko chumba kile kidogo kinavyohitaji. Shokapu nyingi huwa na oringi (pete ndogo ya mpira) juu ya bomba. Kama haipo, funga kamba ndogo ya plastiki ya kufungia nyaya. Isukume hadi kwenye sili, panda polepole ukiwa umevaa na kubeba unavyobeba siku zote, simama kwenye pedeli bila kurukaruka, shuka, kisha pima ilikofika. Kwa mwendo wa milimita 100, milimita 15 hadi 20 zinafaa kwa barabara na njia za kawaida, na 25 hadi 30 kwa miteremko ya mawe. Ukiongeza hewa, bonyeza shokapu mara kadhaa kabla ya kupima tena, kwa sababu chumba cha pili cha hewa ndani kinahitaji kusawazishwa. Na usishtuke ukiunganisha pampu tena na kuona presha imeshuka: hewa imeingia kwenye mpira wa pampu. Ile sauti ya "fsss" unapoichomoa ni hewa ya mpira huo, si ya shokapu. Wengi wanaongeza hewa "iliyopotea" na kuishia na shokapu ngumu kama mti.

Baada ya hewa, kasi ya kurudi. Kosa la kawaida ni kuipunguza mno kwa sababu inaleta hisia ya ulaini dukani. Kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi ya karibu karibu, shokapu inayorudi polepole inakutana na wimbi la pili kabla haijamaliza kunyanyuka kutoka la kwanza. Inazama kidogo kidogo, na baada ya mita chache mwendo umekwisha na mikono inapigwa. Mwendeshaji anadhani shokapu ni ngumu, anapunguza hewa, na hali inazidi kuwa mbaya. Hapo anatakiwa kuzungusha nobu ya kurudi upande wa haraka, hatua moja kwa wakati.

Tuseme na la matunzo, ambalo makala yenu haikuligusa. RockShox inaelekeza miguu ya chini ifunguliwe kila baada ya saa 50 za kuendesha. Kwa vumbi letu, ni bora kuwahi kuliko kuchelewa. Kwanza kabisa toa hewa yote. Anayesahau hapa anaweza kurushiwa sehemu usoni. Legeza bolti mbili za chini mizunguko mitatu bila kuzitoa, zigonge kwa nyundo ya plastiki hadi uhisi zimeachia, ndipo uzitoe na kuvuta miguu. Ukigonga zikiwa zimebaki uzi mmoja, unaharibu uzi. Futa kila kitu kwa kitambaa kisicho na nyuzi, loweka pete za sponji kwenye mafuta ya shokapu, weka mafuta kiasi kilichoandikwa kwa modeli husika (ni mililita chache tu kila mguu, hailingani na ujazo wa glasi), rudisha na kaza kwa takriban Nm 7 (kipimo cha nguvu ya kukaza). Washa za bolti zibadilishwe. Zile za zamani ndizo zinazovuja, kisha fundi analaumu sili. Petroli ya kuoshea inavimbisha mpira. Mafuta ya injini yaliyotumika yana chembe za chuma. Na mashine ya presha ya kuoshea magari inapiga maji hadi ndani ya sili, hivyo elekeza maji mbali na maungio hayo au tumia ndoo na kitambaa.

Kwa wanaoagiza sili: zinaagizwa kwa kipenyo cha bomba, si kwa jina la baiskeli. RockShox peke yake imetumia milimita 28, 30, 32 na 35 kwa nyakati tofauti. Pima kwa kalipa (kifaa cha kupimia kipenyo), maana bomba la 30 na la 32 hayatofautishwi kwa macho, na sili ya 32 kwenye bomba la 30 itaanza kuvuja siku hiyo hiyo.

Wenu,
Mafundi baiskeli, Arusha