Barua kwa binamu yangu aliye Bangkok: likizo hii nenda Buriram

Binamu,

Umesema likizo yako ya Aprili umeiwekea Phuket. Bahari sikukatazi, lakini wewe na mimi ni watoto wa Kilifi. Mchanga mweupe na minazi tumezaliwa navyo. Kabla hujalipa hoteli, nisikilize kidogo: panda treni uende Buriram.

Ni mkoa wa wakulima wa mpunga, kaskazini-mashariki mwa Thailand, katika eneo wanaloliita Isan, yapata kilomita 400 kutoka hapo ulipo. Wengi wanaujua kwa mpira, kwa ajili ya timu ya Buriram United. Mimi nakutuma kusini zaidi, kwenye kilima cha Phanom Rung.

Kilima chenyewe ni volkeno iliyozimika zamani. Juu yake Wakhmer, hao hao waliojenga Angkor huko Kambodia, walimjengea Shiva, mungu wa Wahindu, hekalu la mawe kati ya karne ya 10 na ya 13. Sehemu kubwa unayoiona ni ya karne ya 12, enzi za Narendraditya, mtawala wa hapo aliyekuwa wa ukoo mmoja na mfalme Suryavarman II wa Angkor Wat. Utapanda kwa njia pana ya mawe yenye urefu wa mita 160, kila upande nguzo fupi zenye vichwa vya yungiyungi, kisha utavuka daraja lenye kingo za naga, nyoka wa vichwa vitano. Hapo usiwe na haraka. Milango 15 imepangwa mstari mmoja, na kati ya tarehe 3 na 5 Aprili, mawingu yasipozuia, jua la asubuhi huipenya yote kwa pamoja. Likizo yako imeangukia pazuri.

Lakini hata jua hilo silo ninalokutumia. Ukifika mlango wa mashariki wa hekalu kuu, inua macho. Juu kuna Shiva anacheza ngoma. Chini yake kuna linta, yaani jiwe refu lililolazwa juu ya mlango, na juu ya hiyo linta amechongwa Vishnu, mungu mwingine wa Wahindu, amelala ubavu juu ya nyoka wake katikati ya bahari. Mkewe Lakshmi ameketi miguuni, na kitovuni mwa Vishnu limechipuka yungiyungi lililombeba mungu Brahma. Watafute na kasuku, wapo.

Jiwe hilo liliibwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kipande kimoja kilipatikana katika duka la vitu vya kale hapo hapo Bangkok. Kipande kikubwa kilivuka bahari hadi Marekani, kikawekwa katika jumba la sanaa la Art Institute of Chicago. Mwaka 1973 mtaalamu wa mambo ya kale, mwanamfalme Subhadradis Diskul, alikiona huko akakitambua. Thailand ilidai kwa miaka. Mwaka 1988, mwaka ule ule ukarabati wa hekalu ulipokamilika baada ya miaka 17, watu walipaza sauti hadi Marekani, na Novemba jiwe likarudi. Halikupelekwa makumbusho. Lilipandishwa mahali pake, juu ya mlango wake, na alama za kuvunjika bado zinaonekana.

Niliposimama chini yake nilimkumbuka babu. Unajua kwa nini. Vile vigango, nguzo za mbao za kuwakumbuka wafu wetu wa chama cha wazee cha Gohu, vilivyong'olewa usiku nyuma ya boma, mpaka leo mashimo tunayajua yalipokuwa. Wazee walisema kilichokwenda Ulaya kimekwenda, na sisi tukakua tukiamini hivyo. Nakwambia si kweli, na si Thailand peke yake. Mwaka 2007 vigango viwili vilirudi Kenya kutoka Marekani kwa sababu mtafiti aliwahi kumpiga picha mzee aliyesimama kando ya vigango hivyo mwaka 1985. Picha ile ndiyo iliyosema. Makumbusho ya Denver nayo yalirudisha vigango 30 mwaka 2019, lakini vya namna hiyo vingi havijulikani vilitoka boma gani, kwa hiyo kuvirudisha mahali pake ni kazi ngumu. Jiwe la Phanom Rung lilikuwa na picha zilizopigwa kabla halijaibwa, na pengo lake juu ya mlango lilikuwa wazi. Hilo ndilo lililonigusa kuliko uzuri wa hekalu lote, na uzuri upo mwingi.

Na si jiwe hilo tu lililorudi. Kabla hujasafiri, pita Makumbusho ya Taifa hapo Bangkok, umwone yule wa shaba aliyepakwa dhahabu, anayedhaniwa kuwa ni Shiva. Alirudishwa na Metropolitan Museum ya New York Mei 2024, na inasemekana alichimbwa katika mkoa huo huo.

Ukishuka kilimani, nenda Muang Tam, kilomita chache tu. Ni hekalu la tambarare, watalii wachache, kijiji kimelizunguka. Ndani ya ukuta kuna mabwawa manne yenye mayungiyungi, na naga wake hawana taji, vichwa vyao ni laini kabisa. Mimi nalipenda kuliko lile la juu. Kaa pale asubuhi kabla jua halijawa kali, maana joto la Aprili la huko si mchezo.

Chakula hakitakushinda. Wali wao wa kunata unamegwa kwa mkono na kuchovywa kama ugali, na kuku wa kuchoma yupo kila kona. Waombe wapunguze pilipili. Watu wa Prakhon Chai, wilaya ya hapo karibu, wana uduvi waliochachushwa, harufu yake kali, onja hivyo hivyo.

Jambo moja la kuangalia: Julai 2025 kulikuwa na mapigano kwenye mpaka wa Kambodia, na wilaya za kusini za mkoa huo watu walihama. Uliza hali ilivyo kabla ya kuondoka, na usikaribie mpakani hata ukiambiwa kuna hekalu zuri zaidi.

Kwa kulala, chagua Nang Rong, ndiyo karibu zaidi na kilima kuliko Buriram mjini. Na Desemba ukija nyumbani, njoo na ile kamera yako nzuri. Nimeshaongea na baba mkubwa. Amekubali tupige picha vigango vyote vilivyobaki, kimoja kimoja, yeye mwenyewe akiwa amesimama kando na kututajia kila kimoja ni cha nani.