Kabla ya Alhamisi

Mpendwa Zuhura,

Jana uliponipigia kwa simu ya jirani, nilisikia umekubali kwenda kwa mshauri nasaha Alhamisi, na papo hapo nikasikia unatafuta sababu ya kutokwenda. Sishangai. Mimi niliahirisha mara mbili. Niliogopa kuambiwa "muache tu", kana kwamba hilo halijawahi kunipitia kichwani.

Sikuambiwa. Nililia karibu nusu saa na yule mama mshauri akaningoja. Kisha akauliza: kipigo kimezidi siku hizi? Ana silaha? Amewahi kukukaba shingo? Nikajibu harakaharaka, "Mara moja tu, wala hakuniacha alama." Akaweka kalamu chini. Ndipo nilipojua kwamba kukabwa huweza kuumiza koo na mishipa ya damu ndani kwa ndani bila alama yoyote nje, na kwamba mwanamke aliyekabwa na mwenzi wake yumo katika hatari kubwa zaidi ya kuja kuuawa naye. Wiki iliyopita uliniambia "alinishika shingo", halafu ukageuza mazungumzo. Mwambie hilo, tena usilipunguze. Na kama sauti imekauka, au kumeza kunauma, au kichwa kinazunguka, usingoje Alhamisi, nenda hospitali leo.

Atakuuliza pia kama unawaza kufa. Usidhani anakuchimbia, kuulizwa hakumtii mtu wazo hilo kichwani. Mimi nilisema sitaki kujiua, ila natamani nilale nisiamke. Nilidhani hiyo haihesabiki. Inahesabika sana. Tuliandika pale pale nifanye nini usiku likinijia: nimpigie nani kwanza, vidonge vya nyumbani avitunze nani.

Ule uchovu unaouita uvivu, wa kushindwa hata kuoga, huenda ni sonona, ugonjwa wa huzuni nzito. Daktari akikupa dawa, usiziache baada ya siku tano kwa kuwa huoni nafuu. Zangu zilichukua kama wiki 4, na wiki ya kwanza zilinipa kichefuchefu tu.

Kuhusu kuondoka, hakuna atakayekuharakisha. Siku za kuondoka na zile zinazofuata ndizo za hatari kuliko zote, kwa hiyo hupangwa kimyakimya: vyeti vya watoto, akiba kidogo, neno la siri kati yako na mimi. Mume wako akinusa jambo na kusema mwende wote wawili mkapatanishwe, kataa. Mbele yake hutasema ukweli, na ukiusema utaulipia nyumbani.

Nimeandika kwa mkono kwa sababu simu yako anaikagua. Alhamisi saa 4 asubuhi nitakuwa nje kwa jirani. Akiuliza, tumekwenda kwa fundi cherehani. Chukua kile kitenge chako kisichoshonwa, ili uonekane una safari. Barua hii usibaki nayo. Mrudishie aliyekuletea.

Wako,
Mwanaidi