Pilau ya Idd inawaua paka wetu

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwa jambo ambalo najua wengine watacheka, wacha wacheke. Kila Idd ikipita hapa kwetu Langoni utaskia paka wa nyumba fulani kafa, wa nyumba ile haonekani, na hapo hapo lawama zishaanza, ati fulani katia sumu kwa vile paka walimuibia samaki, watu wananuniana hata salamu hawapeani. Mi nasema kabla hatujamtafuta mtu tuliangalie kwanza sinia letu wenyewe.

Maanake tunavofanya ni hivi, wageni wakishakula wakashiba, makombo yote yanachanganywa pamoja, wali, mchuzi wa biriani, mifupa ya kuku, yanamwagwa nje ya mlango na paka wa kichochoro kizima wanakuja. Nia ni nzuri, sikatai, na sote tulisomeshwa chuoni ile hadithi ya mwanamke alieadhibiwa kwa kumfungia paka, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Lakini pilau yetu ina nini ndani? Kitunguu. Tena si kimoja, kitunguu ndo rangi yenyewe ya pilau, alafu juu yake thomu ya kutwanga, na vyote viwili ni sumu kwa paka na mbwa. Vinavunja zile chembe nyekundu za damu, na paka ndo dhaifu zaidi, na thomu ni kali kushinda hata kitunguu. Ukipika sumu haitoki, ukikausha haitoki, hata ule unga wa mchuzi wa pakiti mara nyingi una kitunguu ndani. Madaktari wa mifugo wanasema gramu 5 za kitunguu kwa kila kilo ya uzito wa paka zatosha kumdhuru, sasa paka wetu hawa wembamba wana kilo 3 hivi, kwa hiyo gramu 15, hiyo ni kama robo ya kitunguu kidogo, na nyinyi mnaopika mwajua kitunguu kikikaangwa kinavyonywea, robo nzima unaikuta kwenye ncha ya kijiko.

Kinachotuchanganya ni kuwa paka haanguki siku ile ile. Anakula Idd mosi, anaondoka zake mkia juu, siku ya tatu au ya nne ndo unamwona amelala tu kivulini, chakula hataki, anahema haraka haraka, ukimfunua mdomo fizi zimekuwa nyeupe, na mkojo rangi ya turungi. Kufikia hapo pilau ishasahaulika, mtu anamkumbuka muuza samaki. Ukiona dalili hizo mtafute daktari wa mifugo mapema, usingoje kesho. Na tafadhalini msimpe Panadol, kuna watu wanampa ati atulize maumivu, ini la paka haliwezi kuivunja dawa ile na kidonge kimoja tu chaweza kumuua, yaani hapo ndo unammaliza kabisa huku unadhani unamtibu.

Mifupa nayo, ya kuku iliyopikwa inapasuka vipande vyenye ncha, inakwama kooni au inatoboa matumbo. Halwa na kaimati sina wasiwasi nazo sana upande wa paka, hata ladha ya tamu haisikii, Mungu kamuumba hivo. Mbwa ndo habagui kitu.

Na nikitaja mbwa nawaomba na ndugu zetu wa Malindi mskize, huko mbwa ni wengi na Krismasi Waitaliano wanakula ile keki yao ya panettone iliyojaa zabibu kavu, alafu bosi akishiba kipande kinaenda kwa mbwa wa getini. Zabibu, mbichi au kavu, zinaweza kuharibu figo za mbwa, na hakuna kipimo cha kusema hizi chache hazina neno, mmoja anakula asipate kitu mwengine figo zinasimama. Chokoleti ndo hivo hivo, hasa ile nyeusi chungu. Na Idd el-Haj mkichinja msimtupie mbwa ini wala mapafu mabichi, yale malengelenge ya maji mnayoyaona juu yake ni ya tegu, mbwa akila minyoo inakomaa tumboni mwake na mayai yanarudi kwa watoto wenu wanaocheza naye.

Kuwalisha tuwalishe, sijasema tuache. Nyama kabla haijatiwa chochote toa vile vipande vya pembeni, mafuta mengi weka kando, chemsha na maji matupu bila chumvi bila bizari, toa mifupa, wape. Samaki vile vile. Ni kazi ya dakika chache tu na jiko lenyewe lishawaka, ila waume zetu pia wanaweza kuifanya, si lazima kila kitu kiwe cha mwenye kupika.

Punda je? Mfungo sita wakati wa Maulidi mji unajaa wageni, mashindano ya punda yapo, na kila mtu anataka kumpa punda kitu, mkate, mahamri, wali. Punda ameumbiwa majani makavu, vya unga vikizidi anapata msokoto wa tumbo, na punda hawezi kutapika kama paka au mbwa, kikiingia kimeingia. Tena anatafuna na mifuko ya plastiki yenye harufu ya chakula, ilipigwa marufuku tangu Agosti 2017 lakini nyinyi wenyewe mnaiona pale ufukoni. Wanaopika vyakula vya Maulidi wangeweka mapipa yenye vifuniko, na kaunti izoe taka usiku ule ule badala ya kungoja asubuhi, wakati punda na paka washamaliza kupekua.

Ombi langu kwako mhariri, barua hii ikiwezekana itoke wiki moja kabla ya Idd, ikitoka baada itakuwa haina kazi tena.

Mkaazi wa Langoni,
Lamu