Barua ya wazi kwa Shangazi: naenda, na mtoto anabaki

Shikamoo Shangazi.

Pale Marangu, kwenye kikao cha familia, nilikujibu kwa maneno machache kwa sababu wazee walikuwepo na mtoto mwenyewe alikuwa mlangoni anasikiliza. Uliuliza ni mama gani anayemwacha mtoto wa darasa la pili mwaka mzima ili akajifunze kuandika hadithi Uingereza. Jibu refu nakuandikia hapa, hadharani, kwa kuwa wapo wanawake wengine Moshi na Arusha wanaoulizwa swali hilohilo, na baadhi yao huyafuta maombi yao kabla hawajayatuma.

Nianze na mtoto, maana ndiye anayekuuma. Hata mimi ananiuma. Nilitaka kwenda naye. Lakini tangu Januari 2024 Uingereza haimruhusu mwanafunzi wa kigeni anayesoma shahada ya uzamili ya darasani kwenda na mke, mume wala mtoto. Ruhusa hiyo wamebaki nayo wanaofanya utafiti, kama wa shahada ya uzamivu, na wale wanaodhaminiwa na serikali. Ufadhili wangu unatoka chuoni, kwa hiyo simo. Sikuchagua kumwacha, Shangazi. Nilichagua kwenda, na sheria ikamwacha yeye.

Atakaa Rau na Mama, kwenye nyumba anayoijua, kwenye shule ileile. Tumeshapanga saa za kuongea. Nikifika Septemba, Uingereza itakuwa nyuma yetu kwa saa mbili, na kuanzia mwisho wa Oktoba hadi mwisho wa Machi kwa saa tatu. Maana yake, akimaliza kula usiku saa moja, kwangu ni saa kumi na moja jioni, na miezi ile ya saa tatu ni saa kumi. Hiyo saa ni yake, siku zote za mwaka huo. Nimeshamwambia.

Sasa hilo la hadithi.

Baba Mkubwa alipokwenda Urusi kusomea uhandisi, aliacha watoto wawili wadogo, na alikaa miaka. Nimekua nikisikia jinsi alivyochinjiwa mbuzi na jinsi mzee wa ukoo alivyombariki. Watoto wake ulibaki nao wewe. Uliwalea vizuri mno, mpaka leo wanakuita Mama, na sijawahi kusikia mtu akiuliza ni baba gani yule. Sisemi hivi kukusuta. Nasema kwa sababu wewe kuliko mtu yeyote kwenye ukoo unajua kwamba mtoto aliyeachwa kwenye mikono mizuri hakutupwa.

Baba Mdogo naye akasema Shaaban Robert hakwenda chuo chochote cha kutunga. Kweli. Alikuwa karani wa serikali, forodhani na kwenye ofisi nyingine, akaandika huku akifanya kazi hiyo kwa miaka mingi, akafariki mwaka 1962 akiwa na umri wa miaka 53. Riwaya zake mbili zilichapishwa mwaka 1968, yeye yuko kaburini. Watu humtaja kama ushahidi kwamba mwandishi hahitaji nafasi. Mimi nikiyatazama maisha yake, natamani mno angeipata.

Nafasi ndiyo ninayoifuata. Unaijua siku yangu. Vipindi, madaftari ya kusahihisha, kikao cha wazazi, mazoezi ya kwaya, msiba Kibosho, kamati ya harusi Majengo. Siyalalamikii hayo, ndiyo maisha ya watu ninaowaandika. Lakini riwaya ndefu haiandikwi kwa saa moja ya alfajiri kabla jogoo hajawika mara ya pili. Ukiiacha siku nne, wahusika wanakuwa wageni kwako, na unatumia saa yako nzima kuwasalimia upya. Riwaya yangu inahusu familia tatu za wakulima wa kahawa, kuanzia miaka ile KNCU, chama chao cha ushirika Kilimanjaro, ilipoundwa, 1933, hadi watu walipoanza kung'oa mibuni. Nina sura ambazo kila moja ni nzuri peke yake na hazishikani. Hilo nimeshindwa kulimaliza hapa.

Chuo chenyewe ni Chuo Kikuu cha East Anglia, mji wa Norwich. Kozi yao ya uandishi ilianza mwaka 1970, ya kwanza ya aina yake Uingereza. Kazuo Ishiguro, aliyepata Nobeli mwaka 2017, alisomea pale. Ayòbámi Adébáyò wa Nigeria pia. Hakuna siri wanayokupa. Unapeleka kurasa zako, wenzako wanazisoma kabla ya darasa, kisha mnakaa mezani wanazichambua nawe unasikiliza zaidi kuliko unavyojitetea. Muda uliobaki unaandika. Kwangu hilo ni jambo kubwa kupita kiasi: watu watasoma kazi yangu kwa makini wakati bado inaweza kurekebishwa.

Wewe ni mtu wa kanisa, kwa hiyo nikusimulie juu ya mwanamke mmoja wa Norwich. Anaitwa Julian. Mwaka 1373 aliugua karibu ya kufa, akaona maono ya Kristo. Baadaye akaishi kwenye chumba kilichoshikamana na ukuta wa kanisa, akiomba, na maono yale aliyatafakari miaka kama ishirini kabla ya kuyaandika kwa urefu. Kitabu chake ndicho cha kale zaidi kilichosalia cha Kiingereza kinachojulikana kuandikwa na mwanamke. Kanisa lile lilipigwa bomu mwaka 1942 likajengwa upya, na nitakwenda kusali pale.

Kuhusu lugha, hofu yako kwamba nitaacha Kiswahili ilikuwa ya haki. Kazi za darasani nitaziandika kwa Kiingereza kwa sababu ndivyo kozi ilivyo. Riwaya ni ya Kiswahili na itabaki ya Kiswahili. Kezilahabi alikwenda Marekani, Wisconsin, akapata shahada yake ya uzamivu mwaka 1985, na riwaya alizotoa baada ya hapo zilikuwa za Kiswahili ambacho hakuna aliyewahi kukiandika hivyo. Safari ilimwongezea.

Na hela. Tafadhali waambie ndugu kwamba sitatuma. Viza ya mwanafunzi inaruhusu kufanya kazi saa 20 kwa wiki muhula ukiendelea, na najua wengine wanazihesabu saa hizo tayari. Ufadhili unatosha chakula, chumba na ada ya huduma za afya za kwao, ambayo ni pauni 776 kwa mwaka kwa mwanafunzi. Zile saa 20 nitazitumia kuandika. Nikizipeleka kuosha vyombo hotelini, basi nimemwacha mwanangu bure.

Mwajiri amenipa ruhusa ya masomo, na Oktoba ya mwaka unaofuata narudi darasani.

Ombi langu ni hili. Mama magoti yanamsumbua, hawezi kwenda shuleni kila anapoitwa. Nimeomba jina lako liandikwe kama mlezi wa pili, na mwalimu mkuu anasubiri uende na kitambulisho cha NIDA ukasaini. Ofisi inafunguliwa saa mbili asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa. Na Krismasi, akipanda Marangu, usimwache alale kwa binamu zake wakubwa. Alale kwako.

Mwanao.