Shokapu, keki na mikungu yako ya ndizi

Buhongwa, Mwanza
Jumapili usiku

Mama Koku, shoga yangu,

Mwadila! Najua Kisukuma hujakisahau, labda kama Bukoba imekufuta kila kitu tulichojifunza enzi zile tukipanga chumba kimoja Mabatini. Sisi huku wazima. Minza ameng'oka meno mawili ya mbele na anacheka hivyo hivyo bila aibu. Mayu, yaani mama, magoti yanamsumbua, ila mdomo uko imara.

Sauti yako nimeisikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu. Nimeona nikuandikie kuliko na mimi nikurushie sauti za dakika kumi, maana haya utataka kuyarudia ukiwa umesimama gereji na fundi anasubiri useme "sawa".

Kwa hiyo gari lako, ile Spacio, imeanza kulala nyuma na inagonga kwenye mashimo. Kijana wa gereji anasema upige spesa, vile vipande vya kunyanyua bodi, pembe zote nne na shokapu ngumu. Shemeji yako anasema hapana, ziwekwe koilova, zile shokapu na springi za kupandisha na kushusha, kama za magari ya mashindano. Usitoe hela bado. Mimi hiyo ada nimeshailipa, na niliilipa kwa keki.

Sijawahi kukusimulia vizuri ile habari. Ilikuwa keki ya sendofu, ghorofa tatu, nyeupe, na maua ya sukari niliyoyafinyanga siku mbili. Nilitoka nayo hapa Buhongwa kuipeleka hoteli moja ya Capri Point, gari langu, IST, nimelisuuza mpaka uvunguni. Mkolani salama, Nyegezi salama, Butimba nikapita kama nimebeba mtoto aliyelala. Kufika karibu na Mkuyuni, tuta. Nikapunguza mwendo, nikalipanda polepole, nikashuka, na hapo ndipo gari likaanza: chini, juu, chini, juu, kama mtumbwi uliopitwa na meli. Tuta tumeshaliacha nyuma, gari bado linapiga magoti. Nikasikia kitu kizito na laini kikishuka kwenye siti. Hotelini nilifika na ghorofa mbili na maelezo mengi.

Kesho yake kila mtu akawa fundi. Baba Minza, ambaye ndiye aliyelivalisha gari rimu za 17 na tairi nyembamba kama chapati, akasema tulishushe: springi zikatwe kidogo, gari likae chini litulie. Jirani yetu akasema tulipandishe, eti gari la Mwanza lisipokuwa juu litamalizwa na haya mawe. Gari ni lile lile moja, shoga yangu! Mimi nikawaacha wote wawili nikamsikiliza mtu wa tatu, muuzaji wa duka la spea ambalo jina nalihifadhi. Huyo aliniambia dawa ni shokapu ngumu. Akanitolea nne mpya, maboksi yanang'aa hadi raha.

Zilikuwa ngumu kweli. Kunesa kuliisha siku hiyo hiyo, ila sasa kila kokoto ilikuwa inanisalimia kwa jina langu. Ile njia ya mawe ya kupandia kwa mteja wangu wa Isamilo, meno yalikuwa yanagongana. Na keki? Haikuteleza tena. Ilipasuka. Fondanti, ile sukari laini ya kufunikia keki, ilifika ina nyufa kama ukuta wa udongo wakati wa kiangazi.

Hapo ndipo akili iliponijia kwamba kuna mambo mawili tofauti na watu wanayaita jina moja. Kuna gari linalochelewa kutulia, na kuna gari linalopiga. La kwanza linatelezesha keki, la pili linaipasua. Mimi nilikuwa nimeuza ugonjwa mmoja nikanunua mwingine.

Haijaisha hata miezi miwili, shokapu moja ya mbele ikaanza kutoka jasho la mafuta. Nikairudisha dukani. Muuzaji akaigeuzageuza, akaniambia wao hawauzi za aina hiyo. Risiti niliyonayo ilikuwa kipande cha daftari kisicho na jina la duka wala muhuri. Basi, nikameza.

Aliyenitoa kwenye shimo ni mzee mmoja fundi wa Nyakato. Kilichonifanya nimwamini ni kwamba hakushika spana. Alikaa mbele, akaniambia nizime redio, akanipitisha kwanza kwenye vumbi, kisha mawe, kisha lami. Tuliporudi akapiga goti kwenye kila gurudumu, akapenyeza mkono akashika shokapu moja moja. Ya nyuma kulia akaishika muda mrefu, kisha akanivuta mkono na mimi niguse. Ilikuwa baridi. Ile ya upande wa pili ilikuwa na joto kama chupa ya chai iliyosahaulika.

"Hii ya baridi haifanyi kazi," akasema. Na hiyo ilikuwa moja ya zile mpya!

Maelezo yake ndiyo nataka uyashike. Springi ndiyo inayobeba gari. Shokapu haibebi gari. Kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kucheza. Ndani yake kuna pistoni yenye vitundu vidogo inayotembea kwenye mafuta. Mafuta yanapenya kwa shida, na ule mtikisiko unageuka joto. Kwa hiyo ukitoka barabara mbovu, shokapu nzima inapata moto na iliyokufa inabaki baridi. Na ukisikia watu wanabishana "za gesi au za mafuta", ujue zote zina mafuta. Ya gesi imeongezewa naitrojeni yenye mgandamizo ili mafuta yasifanye povu yakichapwa sana, maana povu halizuii kitu.

Nikamuuliza kuhusu zile za bei mbaya za bomba moja, ambazo mtoto wa dada alikuwa ananisifia. Hakuzibeza. Alisema zinapoa haraka na ni nzuri sana kwa mtu anayekimbiza gari. Ila pistoni yake inasugua kwenye ukuta wa nje wenyewe, kwa hiyo jiwe moja likilibonyeza lile bomba, pistoni inakwama na kazi imeisha. Za mabomba mawili, moja ndani ya lingine, zinavumilia mbonyeo mdogo wa nje. Sasa mimi ninayeishi mji wa mawe nichague ipi? Koilova nazo ndiyo kabisa. Zile nyuzi za kupandishia na kushushia zinakula vumbi na tope, na baada ya masika mbili hazizunguki tena, na springi zake kwa kawaida ni fupi na ngumu. Mwambie shemeji akanunue za kwake.

Nilichofanya mwishoni hakina hata picha ya kupiga. Shokapu za gesi za mabomba mawili, kiwango kile kile cha kiwandani, safari hii kwa muuzaji anayeandika risiti yenye jina lake na namba ya spea. Springi nikaacha za gari, maana zilipimwa na hazijalegea. Mbele nikabadilisha na mauntingi za juu (vile vishikizo vya mpira vinavyoishika shokapu kwenye bodi), vumbi kava na ile mipira ya kuzuia shokapu isigonge mwisho. Kuweka shokapu mpya juu ya mauntingi iliyochoka ni kuvaa kiatu kipya bila soksi. Za mtumba kutoka Japani nilikataa, ingawa najua wengi wanaziapia kuliko mpya feki. Wana hoja yao, lakini mpira na sili zimezeeka huko huko, na hujui zilitembea kilomita ngapi.

Halafu kulikuwa na ile "ko ko ko" kwenye mawe, ambayo kwa miezi yote hiyo nilidhani ni shokapu. Zilikuwa linki za stebilaiza (kile chuma kinachozuia gari lisilale kwenye kona), vijiti viwili tu! Bei yake haifiki keki moja ya bethidei. Na wewe naomba uanze hapo, kwa sababu ulivyoigiza ule mlio wa Spacio kwenye sauti (ulinichekesha mpaka Minza akaamka) unafanana sana na wangu.

Kuna jambo moja nililiona kwa macho yangu, na mafundi wengi wanaliruka. Tulibadilisha bushi, ile mipira ya kwenye maungio, za amu za chini, zile pau zinazoshika magurudumu. Mzee alizifunga kwa mkono tu gari likiwa juu ya jeki, kisha akalishusha, akalitikisa likae kwenye kimo chake, ndipo akalala chini kwenye kipande cha boksi akazikaza mwisho. Nikamuuliza kwa nini anajitesa. Akasema bushi ya mpira imeshikana na chuma ndani na nje, haizunguki, inajikunja tu. Ukiikaza gurudumu likining'inia, ukishusha gari tayari imeshajinyonga, na itachanika mapema. Kwa hiyo simama pale pale. Ukimwona wako anakaza kila kitu gari likiwa hewani, muulize kwa upole. Na kabla hujaondoka, wili alaimenti, yaani magurudumu yapimwe na kunyooshwa.

Rimu za 17 nikazitoa. Hapo nyumbani kulikuwa na ukimya wa siku tatu. Nikarudisha za 15 na tairi zenye nyama, na upepo nikajaza wa kile kibandiko cha mlangoni kwa dereva, siyo ule wa kijana wa pampu anayejaza mpaka tairi iwe ngoma. Kweli nakwambia, kwa starehe peke yake, tairi na upepo vilinipa karibu nusu ya nilichokuwa nakitafuta.

Silisifii kupita kiasi. Tuta la hapa kwenye njia ya nyumbani bado linanikwangua nikiwa na watu wanne, nalipita kwa mshazari, gurudumu moja moja, na mayu analalamika kila siku. Nilibadilisha ile kava ya chini ya injini iliyopasuka nikaachana nalo. Kulipandisha gari zima kwa ajili ya tuta moja sikuona maana.

Sasa wewe. Usiige langu, maana mimi nabeba keki na wewe unabeba mikungu. Kama Spacio inalala nyuma hata ikiwa tupu, springi zimechoka, na shokapu ngumu haitainyanyua. Kama inalala ukipakia tu, ni mzigo. Spesa haisaidii hapo. Ni kipande cha aluminiamu au mpira mgumu kinachonyanyua bodi, basi. Springi ni ile ile, ukipakia itadidimia kiasi kile kile, ila imeanzia juu. Na ukiziweka mbele, drivu shafti (vyuma vinavyozungusha magurudumu) zinainama kuliko zilivyopangwa na jointi zake zinaliwa mapema, tena gurudumu linabaki na nafasi ndogo ya kushuka likikuta shimo, ndipo unasikia "ta!" mpaka moyoni. Ile mipira ya kupachika katikati ya springi nayo inafunga baadhi ya mizunguko isifanye kazi. Gari linapanda, ndiyo, na linakuwa mkokoteni.

Ninachokifikiria kwako ni springi za nyuma zenye nguvu kidogo zaidi ya hizo, na shokapu zinazoendana nazo, kwa sababu springi ikiongezewa nguvu inarudi kwa kishindo na shokapu ya kawaida inaweza isiimudu. Lakini ujue utalipia: siku ya kumpeleka Koku shule gari tupu, mtaruka kama mko kwenye trekta. Hesabu wiki yako. Kama ni safari mbili za Kamachumu kwa mwezi, mimi ningeacha springi za kawaida mpya na kukodi kirikuu kwa mikungu. Kama ni kila baada ya siku mbili, weka ngumu. Ila hata hizo haziongezi breki, Mama Koku. Ile mikungu ya mpaka kwenye dari ipunguze, mlima wa kushukia Bukoba unaujua mwenyewe.

Nifanyie hivi. Chukua futi ya cherehani, simamisha gari mahali tambarare, pima kutoka katikati ya gurudumu kwenda juu mpaka ukingo wa bodi, pembe zote nne. Kwanza tupu, halafu likiwa na mzigo wako wa kawaida. Angalia na shokapu kama zina mafuta yaliyoganda na vumbi. Nitumie namba hizo kabla ya Jumatano, nitazipeleka Nyakato, mzee anazisoma kama daktari anavyosoma vipimo.

Au lilete lenyewe. Kile kisingizio cha foleni ya kivuko kimekwisha, daraja la Kigongo–Busisi lina kilomita kama tatu, unavuka kabla hujamaliza kumenya chungwa. Ukija msimu wa senene, unajua cha kubeba.

Nakuacha, kesho nina keki ya ghorofa mbili ya kupeleka Igoma saa nne asubuhi, na maua bado hayajakauka. Rimu za 17 ziko uvunguni mwa kitanda chetu, zimefunikwa kanga. Mwenyewe anasema hauzi.

Wako,
Mama Minza