Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya: tunaomba kopo la pili

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima tunarudi na ombi lile lile, la kopo la pili lenye maji ya chumvi kwenye vyumba vya upasuaji, ambalo tulijibiwa kwamba linafanyiwa kazi. Hatuna shaka linafanyiwa. Wakati likiendelea kufanyiwa, kipande kingine cha utumbo mpana kimefika maabara kikielea kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama ya mwili isioze, na fomu imeshaandikwa saratani. Haikuwa saratani. Kwenye darubini alionekana fangasi, kwa sura yake Basidiobolus ranarum, lakini fomalini ilikuwa imeshamuua, hapakubaki cha kuotesha.

Fangasi huyu anaishi kwenye udongo, majani yanayooza na matumbo ya vyura na mijusi. Inadhaniwa mtu humeza uchafu wenye mbegu zake. Akishika ukuta wa utumbo, ukuta unanenepa na kuota uvimbe mgumu. Mgonjwa anakonda, anapata homa, pengine na choo chenye damu. Kwenye CT scan ni saratani kabisa. Kwa mtoto, limfoma, yaani saratani ya tezi za limfu. Daktari kuwaza hivyo si kosa. Kosa linaanza pale eosinofili, aina ya chembe nyeupe, zinapopanda kwenye damu, ikaandikwa minyoo, ikatolewa albendazoli, faili likafungwa.

Wala si ugonjwa wa mbali. Hapo Uganda, mwaka 1964, Burkitt na wenzake waliandika kuhusu wagonjwa 31 wa fangasi wa kundi hili chini ya ngozi. Ni Burkitt yule yule ambaye limfoma ya watoto imepewa jina lake. Jina la limfoma tumelikariri wote. Fangasi tumemwachia kabati la vitabu. Huu wa tumboni umeripotiwa Arizona (Marekani), Iran, na kusini mwa Saudi Arabia, upande wa Asir na Jizan.

Tunachoomba ni waraka wa ukurasa mmoja kwa vyumba vya upasuaji. Uvimbe wa utumbo ukikatwa, hasa kama eosinofili zimepanda, usiende wote kwenye fomalini. Kipande kama punje ya harage kitiwe kwenye kopo safi lenye maji ya chumvi, kifike maabara siku hiyo hiyo. Kisiwekwe kwenye friji, baridi inamdhuru. Kisisagwe, maana nyuzi zake ni pana na kuta zake nyembamba, zikipondwa zinakufa. Kinakatwa vipande vya milimita 1 hadi 2, kinawekwa juu ya Sabouraud, chakula cha kuoteshea fangasi, kwenye joto la nyuzi 30. Baada ya siku chache linaota koloni bapa lenye mikunjo, na kifuniko cha sahani kinajaa mbegu alizozirusha mwenyewe. Anajitangaza, akipewa nafasi.

Kinyama cha endoskopi, kinachochunwa kwa mpira wenye kamera, mara nyingi hakitoshi. Fangasi yuko chini, koleo linachuna juu na kurudi na eosinofili tupu. Kwenye tishu, nyuzi huonekana zimevikwa ala ya waridi, na rangi ya maabara yenye madini ya fedha husaidia kuzithibitisha. Rangi hiyo imetuishia. Ahadi ya bajeti tunaikumbuka.

Dawa ipo: itrakonazoli, kwa mtu mzima miligramu 200 mara mbili kwa siku, kwa miezi, mara nyingi zaidi ya 6. Kapsuli zinamezwa na chakula. Na hapa pana mtego: wagonjwa wa tumbo wengi wako kwenye omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi, na asidi ikipungua kapsuli hazifyonzwi vizuri. Aliyeanzishiwa dawa za TB kwa kubahatisha anameza rifampisini, inayoishusha itrakonazoli mwilini. Amfoterisini B, dawa nyingine ya fangasi ambayo wengi huikimbilia, mara nyingi inashindwa. Kemo na steroidi, zinazoshusha kinga, ndizo zinamwachia fangasi uwanja.

Waraka, Mheshimiwa. Kama ukurasa ni mzito, sentensi moja inatosha: msitie chote kwenye fomalini. Kama sentensi nayo lazima ipite vikao, basi agiza makopo. La pili, lenye maji ya chumvi, likae pembeni ya lile la kwanza.

Wenye kusubiri,
Wataalamu wa maabara ya patholojia