Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024

Makapteni na marubani wenzangu, wanachama wapendwa,

Shughuli za kawaida mnazijua, kwa hiyo nitazipitia haraka. Semina ya kuwanoa wakufunzi ilifanyika, wanafunzi wa shule za upili walitutembelea hapa Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi, na kamati ilikutana kila robo ya mwaka. Mwezi Machi tuliomboleza mkufunzi na mwanafunzi wake waliofariki tarehe 5, Cessna 172 ya mafunzo ilipogongana na Dash 8 ya abiria juu ya Mbuga ya Nairobi. Mungu azilaze roho zao mahali pema.

Sasa nije kwenye uamuzi wa mwezi wa sita, maana umesemwa kila mahali isipokuwa mkutanoni.

Kamati iliamua mambo matatu kwa kila mwanachama anayerusha ndege za abiria na kufundisha siku zake za mapumziko. Aandike saa zake za kufundisha kwenye daftari la chama. Asifundishe ndani ya saa 12 kabla ya kuripoti kazini. Tena mwajiri wake awe na habari kwa maandishi. Wako waliosema mwenyekiti amegeuka askari wa waajiri. Maneno hayo yameniuma, na nitayajibu.

Mimi mwenyewe nafundisha. Mwaka 2020, ndege zilipoegeshwa, ni Cessna zilizotulipia karo za watoto, na sitamlaumu mtu kwa kutafuta riziki ya halali. Lakini tufanye hesabu. Ulaya, rubani wa ndege za abiria haruhusiwi kupita saa 100 za kuruka ndani ya siku 28, wala saa 900 kwa mwaka wa kalenda. Tuseme mmoja wetu amerushia kampuni yake saa 85 kwa siku hizo 28, kisha akafundisha saa 25. Kompyuta ya mwajiri inaonyesha 85. Mwili wake umebeba 110, na hakuna anayeiona hesabu hiyo ila yeye. Marekani nako mkufunzi haruhusiwi kupita saa 8 za kufundisha angani ndani ya saa 24. Wenzetu hao hawakuweka mipaka kwa kupenda makaratasi.

Mwanachama mmoja alidai kufundisha ni kupumzika. Namheshimu, lakini sikubaliani naye hata kidogo. Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa huku ni nyepesi. Cessna 152, yenye injini ya nguvu farasi 110, ikipaa mchana wa jua kali na watu wawili, inapanda kwa kujikokota. Mwanafunzi akivuta usukani kupita kiasi wakati huo, mkufunzi ana sekunde chache za kuokoa. Anayefanya kazi hiyo asubuhi baada ya kutua alfajiri na ndege ya abiria hapumziki. Kanuni zetu nazo zinamkataza rubani kuruka akijua amechoka, iwe ni ndege ya watu 200 au ya wawili.

Nilipoleta hoja hii kwenye kamati nilikumbusha ajali ya Buffalo, Marekani, ya tarehe 12 Februari 2009, iliyoua watu 50. Wachunguzi walisema chanzo ni jinsi kapteni alivyoitikia onyo kwamba ndege inapoteza mwendo wa kuibeba angani, lakini wakaongeza kwamba huenda uchovu ulipunguza uwezo wa marubani wote wawili. Rubani msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kama abiria ili afike kazini, na mshahara wake ulikuwa mdogo. Bunge la nchi ile lilitunga sheria mwaka uliofuata. Mimi napendelea tujipangie wenyewe kabla hatujapangiwa.

Kuhusu kumwarifu mwajiri, mikataba mingi tayari inadai ruhusa ya kazi ya pembeni. Aliyeandika barua ana kinga. Aliyejificha akigundulika, chama hakitakuwa na la kumtetea. Barua ya mfano niliiandika mwenyewe na kuichapisha kwa fedha zangu. Wanachama 11 tu wameichukua.

Mahudhurio nayo yanasikitisha. Tuko 64 kwenye orodha. Mkutano wa mwezi wa sita, ambao kila mmoja sasa anaulalamikia, ulihudhuriwa na 17. Najua ratiba za zamu zilivyo, ndiyo sababu tarehe ilitangazwa wiki sita kabla. Usiku wa mkutano wenyewe kundi la WhatsApp lilijaa ujumbe mpaka usiku wa manane.

Ada ni shilingi 6,000 kwa mwaka. Waliolipa ni 23, tukapata 138,000. Semina, kumbi na uchapishaji vilikula 121,500, na kilichobaki ni 16,500. Wasiolipa wamo makapteni wakubwa, na majina yao nimeyahifadhi kwa heshima. Hata hivyo, bila fedha hatuwezi kumlipa wakili asome mikataba ya wakufunzi wapya, vijana wanaolipwa kwa saa na wasiopata kitu mvua ikinyesha.

Mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, kukutana na waajiri na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na pengine kupata chumba kidogo cha ofisi hapa Wilson. Uamuzi wa daftari unabaki palepale hadi mkutano wenye akidi uubadilishe. Barua za mfano ziko kwa katibu, na mweka hazina yupo mlangoni na kitabu cha risiti.